Uma Usiosuka Maziwa

Kissa alifungua keni ya kwanza, akachungulia, akafunga. Akafungua ya pili, akafunga. Ya tatu hakuigusa. Alisimama tu mlangoni pa kituo cha maziwa cha Katesh, kitambaa cha kuchujia kikiwa begani, akamtazama Philomena kwa uso wa mtu aliyetumwa kupeleka habari za msiba.

"Mama Philomena, leo tena."

"Siagi?"

"Siagi. Punje kama za mtama, na nyingine kubwa kama mahindi. Sasa mimi nipokee nini hapo? Nikichuja, mafuta yote yanabaki kwenye kitambaa. Nikipima, kipimo kinaniambia haya ni maji."

Reginald, anayeleta maziwa ya upande wa barabara ya lami kwa pikipiki, alikuwa amekaa kando akisubiri zamu yake. Hakuficha kicheko.

"Shangazi, shikamoo."

"Marahaba."

"Hiyo baiskeli unailisha nini? Mbona imenenepa matairi peke yake, mwili umebaki mifupa?"

Waliokuwa kwenye foleni wakacheka. Kwa kweli baiskeli yenyewe ilikuwa ya kuchekesha. Aliipata kwenye mitumba iliyoshushwa kutoka Arusha: fremu nyembamba ya mlimani yenye gia, na matairi mawili mapana kama kiganja kilichokunjuliwa. Watu walidhani amepoteza akili. Lakini mvua iliponyesha na ardhi nyeusi ya mbuga ikawa kama ugali usioiva, baiskeli zote zilizama na ile ikapita juu juu kama bata. Ndivyo alivyoweza kufungua njia ya maziwa kutoka kwenye maboma ya Wabarabaig, kule chini ya Gitting, mpaka Katesh. Kabla yake hakuna mtu aliyewahi kuyafikisha maziwa yale sokoni wakati wa masika. Njia hiyo aliijenga kwa miguu yake mwenyewe, na watu waliiita njia ya Philomena.

Kissa alimvuta pembeni. Ni binti mpole aliyeletwa kazini kutoka Tukuyu, na hana tabia ya kumuumbua mtu mzima mbele ya watu.

"Mama, mimi sina ugomvi na wewe. Lakini Jumamosi ijayo wakubwa wanapanga njia upya. Siku hiyo ukileta siagi, maboma ya mbugani anapewa Reginald. Nimekutetea mpaka maneno yameniishia."

"Jumamosi," alisema Philomena.

"Jumamosi, mama."

Philomena hakupeleka habari hiyo kwa mzunguko. Alikwenda moja kwa moja kwa Mama Gidamis, mama mtu mzima ambaye boma lake ndilo la kwanza kumwamini. Alimkuta akisafisha vibuyu kwa kaa la moto, moshi ukitoka shingoni mwa kibuyu kama mtu avutaye kiko.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Uso wako umeanguka. Nani amekufa?"

"Maziwa ndiyo yamekufa." Akamweleza yote.

Mama Gidamis alisikiliza mpaka mwisho, akageuza kibuyu, akakung'uta majivu. "Huyo Reginald, mvua ikinyesha anaonekana?"

"Haonekani."

"Basi huyo ni mtu wa jua. Ng'ombe wetu wanatoa maziwa wakati wa mvua. Tutamwagia mbwa?"

"Mama, kuna njia moja. Keni ikijaa mpaka mdomoni, maziwa hayana pa kurukia, hayasukiki. Mkinikubalia niyachanganye, nijaze keni tatu barabara badala ya kubeba sita zilizo nusu..."

"Hapana." Lilitoka kabla Philomena hajamaliza. "Maziwa ya nyumba yangu yatafika kwa jina la nyumba yangu. Ng'ombe wa jirani akiwa na homa, aibu itakuwa ya nani? Kila mwanamke na keni yake. Hilo usilirudie, hata wenzangu watakukatalia."

Philomena alijua kuwa ni kweli. Katika maboma yale maziwa ni mali ya mwanamke, na heshima ya nyumba imo ndani yake. Kumwambia mama ayachanganye na ya jirani ni kama kumwambia achanganye watoto.

"Basi nitabadilisha baiskeli," alisema.

"Ubadilishe nini? Baiskeli ni baiskeli."

"Nitabadilisha miguu yake ya mbele, mama. Niombee."

Kesho yake alipandisha baiskeli juu ya basi, akaenda Daudi, kule juu Mbulu alikozaliwa. Huko yuko Renatus, mtoto wa mjomba wake, fundi baiskeli ambaye watu humfuata kutoka mbali. Wamekua pamoja na wanataniana tangu utotoni.

Renatus alipoona baiskeli ikishushwa alishika kiuno. "Karibu, mtu wa mabondeni! Huko Hanang mnalima na nini? Hili ni trekta lililoibiwa injini."

"Na wewe bado unafunga baiskeli za watu kwa mpira wa ndani?"

"Nafunga, na hazifunguki. Haya, inaumwa wapi?"

Philomena alimweleza: keni sita ndogo, hazijai, hazichanganywi, mbuga yenye vidongo vilivyokauka kama matofali upande mmoja na tope upande mwingine, halafu mawe mpaka Katesh. Alikwisha kujaribu kufunga keni nyuma, zikarushwa kama vifaranga mbele ya mwewe, ndiyo maana sasa alizifunga mbele, kwenye kitanda cha chuma kilichoungwa na shingo ya fremu. Hata huko siagi ilitoka.

Renatus aliinamia gurudumu la mbele, akalinyanyua, akaliachia lianguke. Tairi likadunda, usukani ukaruka, likadunda tena.

"Umeona? Tairi hili ni mpira wa kuchezea. Kwenye tope ni mfalme, kwenye mawe linarukaruka. Na huu uma wako ni mkavu." Alikuwa anagonga kwa bisibisi ile miguu miwili ya chuma inayoshika gurudumu la mbele. "Chuma kitupu toka chini mpaka juu. Tairi likiruka, uma unaruka, keni zinaruka. Binamu, wewe hubebi maziwa. Unasuka."

"Ndiyo maana nimekuja. Nataka uma wa shokapu."

"Ziko tatu ukutani. Uchague mwenyewe, maana mikono itakayokaa hapo ni yako."

Wa kwanza uling'aa kama sufuria mpya, una springi ndani, na Philomena aliupenda kabla hajaugusa. Renatus akauteremsha, akajaribu kupitisha tairi katikati ya miguu yake. Halikuingia hata nusu.

"Huu ni wa baiskeli za kawaida. Kwako ni sawa na kumvisha fahali kaptura ya mbuzi."

"Huwezi kuutanua?"

"Naweza. Halafu ukikatika kwenye mteremko wa Gitting, nitakuja kula wali wa matanga. Twende wa pili."

Wa pili ulikuwa miguu ya mbele ya pikipiki, mizito, minene, tairi likapita kwa nafasi. Mafundi wengi wangeishia hapo na mteja angeshukuru. Philomena alishika usukani, akaukandamiza kwa mikono. Haukushuka. Akaukandamiza kwa kifua. Haukushuka. Akaruka juu yake kwa uzito wake wote, na yeye si mwanamke mwembamba, uma ukashuka kidogo sana kama mzee anayeitikia salamu asiyoitaka.

"Huu unangoja injini," alisema. "Injini isipokuja, umelala."

"Na kuupandisha mlimani utalia. Haya, amebaki huyu bwana."

Wa tatu ulikuwa mweusi, umechubuka, hauna sura. Ulikuja na baiskeli iliyovunjika, nayo ya matairi mapana, kwa hiyo miguu yake iliachana vya kutosha. Ndani hauna springi. Unabebwa na upepo. Juu ya mguu wa kushoto una vali, na una pampu yake ndogo ya mkono yenye saa ya kupimia upepo. Renatus aliufunga, akautia upepo, akapiga pampu mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Akaugonga kwa ngumi.

"Jiwe!" alisema kwa fahari. "Sasa huu hata gunia la viazi ukiweka, hausemi kitu."

Kabla ya kuupeleka mbali, Philomena alitaka kuupima, na hakuutaka upimwe kwa maneno. "Nipe kibuyu," alisema. Monica, mke wa Renatus, akaleta kibuyu cha maziwa ya asubuhi, nusu yake tu, kama zinavyokuwa keni za mbugani. Wakakifunga mbele pale keni zinapokaa. Njia ya kutoka kanisani kushuka mpaka kijitoni ina mawe kama meno ya mamba. Philomena aliishuka na kuipanda, akaishuka na kuipanda tena, watu wakitoka majumbani kutazama mama mtu mzima anayekizungusha kibuyu kwa baiskeli.

"Huyu amemteka nani?" aliuliza mmoja.

"Anampeleka kibuyu kliniki," akajibu mwingine.

Alirudi akitweta. Monica akamimina maziwa kidogo kwenye chujio la chai. Siagi. Tena nzuri, ya manjano, ya kupaka mkate.

Hakuna aliyecheka. Renatus alijifuta mikono na tambara, akajifuta tena mikono iliyokwisha kuwa safi. "Binamu, labda baiskeli na maziwa havipikwi chungu kimoja. Mwachie huyo kijana wa pikipiki. Wewe utafute kingine."

Philomena alikaa juu ya jiwe. Akilini aliwaona akina mama wa maboma wakimwaga maziwa mlangoni, na mvua ikiyachukua. Aliliona jina lake likifutika kwenye njia aliyoifungua yeye. Na kwa kuwa mikono ya mwanamke wa Mbulu haikai bure hata moyo ukivunjika, alichukua kile kibuyu akaanza kukisuka, ili maziwa ya Monica yasiharibike kati kwa kati, si siagi wala si maziwa. Alikisuka mapajani, kwenda na kurudi, kwenda na kurudi. Kibuyu kikaanza kukaza. Kila asukaye anakijua kitu hicho: ndani hujaa upepo, kibuyu huwa kigumu, na usipofungua kizibo kukipumzisha, maziwa hugonga ukuta tu. Akafungua kizibo. Pssss. Kibuyu kikalegea.

Akabaki ameshika kizibo hewani.

"Renatus."

"Naam."

"Huu uma tumeushibisha mno."

"Kivipi?"

"Umeujaza upepo mpaka umekuwa jiwe. Sasa tofauti yake na ule mkavu ni nini? Jiwe na jiwe!"

Renatus alifungua mdomo kubisha. Huko Daudi kila anayekuja kwake anabeba viazi, mbao, au mke na watoto, na kila mmoja anasema neno moja tu: fundi, kaza. Miaka yote amekaza. Hajawahi kuona mteja anayeomba kulegezewa. "Upepo ndio nguvu," alisema, lakini alilisema polepole, kama mtu anayelisikia kwa mara ya kwanza.

"Ni nguvu ya mwenye viazi. Viazi havigeuki siagi. Leta kisindano cha kubonyezea vali."

Akaibonyeza vali mwenyewe. Pssss. Akapanda. Uma ukashuka chini yake taratibu kama godoro. Akateremka tena kwenye mawe, na kwenye jiwe kubwa la kwanza ukagonga mwisho wake: kong! Akarudi. "Huu nao umekuwa uji." Wakaongeza kidogo. Alipokaa uma ukazama kiasi cha vidole viwili na kusimama hapo, umebakiza nafasi ya kupokea jiwe. Hapo Philomena akatikisa kichwa kukubali.

"Bado," alisema Renatus, ambaye sasa damu ya ufundi ilikuwa imemchemka. Chini ya mguu wa kulia palikuwa na kitufe chekundu cha kuzungusha. "Hiki ukikifungua, uma ukishuka unarudi haraka. Ukikifunga, unarudi polepole. Vijana wote wanapenda haraka."

"Anayesuka hurudisha mkono haraka," alisema Philomena. "Mimi sitaki kusuka. Funga."

"Binamu, kumbe ulikuwa fundi ukajificha!"

"Nimesuka maziwa tangu sijaota meno ya pili. Ninyi wanaume mnadhani siagi inajitengeneza."

Monica alileta maziwa mengine ya jirani, nusu kibuyu. Safari hii watu walijipanga njiani kuanzia kanisani, na utani ukawa umegeuka ushabiki. Philomena alishuka na kupanda kama mwanzo, bila kukwepa jiwe hata moja. Mengine aliyafuata makusudi. Alipofika, Monica alimimina kwenye chujio, akasubiri, akaligeuza juu ya kiganja chake. Kiganja kilibaki kitupu.

"Hamna!" alipiga kelele. "Hamna kitu!" Maziwa hayohayo yakabandikwa jikoni, yakawa chai, wakanywa wote waliokuwapo. Kuhusu malipo ya ule uma, ndugu hao wawili walielewana kindugu, na hayo si ya hadithi hii.

Jumamosi ilipofika, mbingu ya Hanang ilikuwa imefunguka tangu jana yake. Mlima haukuonekana kabisa, na mbuga yote ilikuwa inang'aa maji. Mama Gidamis na wenzake walikabidhi keni zao, kila mmoja yake, kila moja nusu. Mama Gidamis aliushika ule uma mweusi, akaukandamiza kwa mkono, ukashuka na kupanda polepole.

"Unapumua," alisema.

"Unapumua, mama."

"Basi nenda nao."

Katikati ya mbuga alimkuta Reginald. Alikuwa amewahi asubuhi sana, apate kuyachukua maziwa ya maboma siku hiyohiyo ya kupangwa njia, ili wakubwa wamwone. Sasa pikipiki ilikuwa imezama mpaka kwenye injini, naye amesimama kando yake, suruali imekunjwa mpaka magotini, viatu mkononi.

"Shikamoo, shangazi," alisema kwa sauti ndogo.

"Marahaba, mwanangu. Mbona leo pikipiki yako imekonda matairi?"

"Shangazi, siyo leo."

"Kwani siku nyingine mimi uliniuliza kama ni leo?" Alizunguka pikipiki ile bila kusimama, matairi yake yakipapasa tope na kuliacha. Alipofika mbele kidogo aligeuza shingo. "Usiiwashe, utaizika zaidi! Nikirudi nitakuja na kamba na vijana wa boma."

Baada ya tope yalikuja mawe. Pale ndipo zamani alipokuwa akizisikia keni zikichapana na maziwa yakipiga chwa, chwa, chwa, na moyo wake ukipiga pamoja nayo. Sasa alisikia pumzi yake tu. Gurudumu lilipanda jiwe, uma ukalipokea, ukarudi kwa utulivu, na keni zikabaki zimekaa kama wageni waliokaribishwa vizuri. Kwenye mteremko wa mwisho, nyumba za Katesh zikionekana, aliachia breki kwa makusudi. Mama wa umri wake! Aliteremka kanga ikipepea, watu wakiruka pembeni, wala hakuomba radhi.

Kituoni walikuwepo wakubwa wawili wenye mabuti ya mpira. Kissa alitandika kitambaa juu ya ndoo, akamimina keni ya Mama Gidamis. Kitambaa kikalowa, maziwa yakapita yote, kikabaki cheupe. Keni ya pili, cheupe. Ya tatu, ya nne. Alipofika ya sita Kissa hakusubiri kipimo. Alikinyanyua kile kitambaa kwa mikono miwili juu ya kichwa chake, matone yakimdondokea usoni, akakionyesha kila pembe.

"Tazameni! Njia nzima ya mbuga, na mvua hii, hakuna punje!"

Mmoja wa wakubwa alipima kila keni mwenyewe, kwa jina la mwenye nayo. Kisha akauliza, "Na yule wa pikipiki yuko wapi?"

"Yuko mbugani," alisema Philomena. "Anatunza mali yake."

"Amepita huko?"

"Alijaribu, baba. Kule hakupitiki kwa haraka."

Yule mkubwa alizitazama zile keni sita zilizokwisha kuwa tupu, akatazama matairi yaliyopakwa tope jeusi mpaka kwenye spoku. "Njia ya mbuga ni yako, mama," alisema. "Masika na kiangazi."

Kissa alimkumbatia kabla yule mkubwa hajageuka.

Philomena alikuwa na desturi ya kutia majani katikati ya keni wakati wa kurudi, zisipige kelele. Siku hiyo aliyatupa majani. Alipomaliza kumnasua Reginald kwa kamba na vijana wawili, kijana akishukuru na kuapa kwamba kuanzia leo hatataja tena matairi ya mtu, alishika njia ya maboma akizifuata sehemu zenye mawe. Keni tupu zikagongana: kwang'ara, kwang'ara, kwang'ara. Keni yenye maziwa yaliyokataliwa hailii hivyo.

Akina mama walizisikia kabla hawajamwona. Mmoja alitoka nje ya boma, akasimama, akategea sikio. Wa pili akatoka. Halafu Mama Gidamis akaja mwenyewe, akishikilia fimbo, akasikiliza keni ya nyumba yake ikilia kati ya zile sita, akaweka kiganja mdomoni na kupiga kigelegele kilichowafanya ng'ombe wainue vichwa. Wenzake wakakipokea. Philomena, akiwa bado mbali, akasimama juu ya pedali na kukanyaga kwa nguvu zote, uma ukishuka na kupanda chini ya mikono yake, akaingia katikati ya kelele hizo bila kushika breki.